Sura ya Tano: Kazi ya Siki, Kazi ya Majivu

Swali hili huulizwa kila siku: je, vitu vya jikoni vinavyosifiwa sana, yaani siki, ndimu, majivu, magadi, asali na chumvi, vinafanya kazi kweli au tunajidanganya? Anayeuliza huwa ana sababu. Amesikia kwamba siki inasafisha kila kitu, akaimwaga kwenye jiko lililoganda mafuta, akasugua mpaka mkono ukamuuma, na mafuta yakabaki palepale. Kesho yake jirani anamweleza kwamba siki hiyohiyo imeng'oa gamba jeupe ndani ya birika bila hata kusuguliwa. Mmoja anaiona siki ni uongo, mwingine anaiona ni muujiza, na wote wawili wana ushahidi mkononi.

Nitajaribu kuonyesha kwamba wote wawili wameuliza swali pungufu. Huwezi kusema kama siki inafanya kazi mpaka useme ni kazi gani, juu ya kitu gani, na kwa kipimo gani. Kila kitu cha jikoni kina kazi moja au mbili kinazoziweza, na nje ya hizo hakina faida kuliko maji ya bomba. Wakati mwingine kina madhara. Anayezijua kazi hizo hahitaji kukariri dondoo mia za usafi, kwa sababu anaweza kuzibuni mwenyewe na kuzikataa zile za uongo. Hoja hii inahusu dawa za nyumbani sawasawa na inavyohusu sufuria na sakafu, ila ndani ya mwili kosa lina gharama kubwa zaidi. Kwa hiyo tuanze na sufuria.

Uchafu una aina zake

Neno "uchafu" linafunika vitu visivyo na undugu. Mafuta yaliyoganda kwenye jiko ni kitu kimoja. Gamba jeupe la birika ni kitu kingine kabisa, maana hilo ni jiwe. Kutu ni chuma kilichoungana na hewa na unyevu. Masizi ni kaboni, yaani mabaki ya kuni au mkaa ambao haukuungua ukaisha. Ukoko ni wanga uliokauka na kuungua. Vijidudu, ambavyo havionekani, vinaweza kuwepo juu ya meza inayong'aa. Kitu kinachoyeyusha jiwe hakina sababu yoyote ya kuyeyusha mafuta.

Kuna maneno mawili tutakayoyahitaji. Asidi, ambayo wengine huiita tindikali, ni kundi la vitu vyenye ladha ya ukali: siki, ndimu, ukwaju, maziwa yaliyoganda. Alikali ni kundi la upande wa pili: majivu, magadi, soda ya kuokea, sabuni. Alikali zina uchungu kidogo, na zikilowa huteleza kati ya vidole. Makundi haya mawili yakikutana hupunguzana nguvu mpaka yote mawili yapoe. Kanuni hiyo moja inaeleza mambo mengi jikoni.

Ukali unaokula mawe

Chukua gamba la birika. Visima vingi vya pwani, kwa mfano vya Mombasa na Unguja, vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe ya kale. Mwamba huo ni chokaa. Maji yanapopita ndani yake huyeyusha chokaa kidogo kidogo, na yakichemshwa huiachia. Ikishikana chini ya birika inakuwa tabaka gumu la kijivujivu. Sabuni hailigusi, kwa sababu halina mafuta. Asidi inalila. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, yafunike gamba lote, chemsha, kisha acha yakae nusu saa au zaidi. Utaona vipovu vidogo vikipanda kutoka chini: hiyo ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye chokaa inapovunjika, na vipovu vikikoma huwa ama gamba limekwisha, ama asidi imekwisha nguvu. Mwaga, suuza, chemsha maji matupu mara moja na kuyamwaga ili ladha ya siki itoke. Ndimu mbili au tatu zinafanya kazi ileile.

Kwa sababu hiyohiyo siki haifai kumwagwa popote. Marumaru ya mawe ni chokaa. Tarazo ina vipande vya marumaru vilivyoshikwa na saruji, na saruji nayo inaliwa na asidi. Anayepiga deki sakafu ya tarazo kwa siki kila wiki anaona inang'aa siku za mwanzo, kumbe anaikwangua, na baada ya miezi mng'ao unakufa na sakafu inaanza kunywa madoa. Vivyo hivyo kwa kuta za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mtu asizisugue kwa kitu chochote kikali.

Asidi ina kazi ya pili: huondoa tabaka linalojengeka juu ya madini. Ukwaju uliolowekwa, ukisuguliwa kwenye sinia la shaba lililofifia, hurudisha rangi yake ndani ya dakika chache. Ndimu na chumvi, zikiachwa juu ya doa la kutu kwenye kitambaa cheupe, hulipunguza na mara nyingi hulimaliza, ila kitambaa kisuuzwe vizuri baadaye. Na sufuria ya alumini iliyoingia weusi ndani baada ya kuchemshia maji ya kisima hurudi nyeupe ukichemsha humo maji na vipande vya ndimu. Ndiyo maana sufuria iliyopikiwa mchuzi wa nyanya hutoka inang'aa kuliko ilivyoingia: nyanya nazo zina asidi.

Majivu, magadi na sabuni

Mafuta yanataka upande wa pili. Bibi aliyesugua chungu kwa majivu na makumbi ya nazi alikuwa akifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Chembe za majivu zilikwangua, na alikali iliyomo ndani ya majivu, ikilowa, iligeuza sehemu ya mafuta kuwa kitu cha jamii ya sabuni. Sabuni yenyewe hutengenezwa kwa njia hiyohiyo: mafuta, kwa mfano ya nazi au ya mawese, yanaunganishwa na alikali kali. Kila chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja inayopenda maji na nyingine inayopenda mafuta. Ncha ya pili hushika mafuta, ya kwanza hushika maji, na maji yakimwagwa yanaondoka na mafuta. Maji ya moto husaidia kwa sababu mafuta laini hushikika upesi.

Soda ya kuokea, ule unga mweupe unaouzwa kwa pakiti ndogo dukani, ni alikali ya upole. Inafaa kusugulia ukoko na mafuta mepesi bila kukwaruza. Pia hupunguza harufu ya jokofu, kwa kuwa harufu nyingi za chakula kilichochacha ni asidi. Magadi ni ndugu yake mwenye nguvu zaidi. Yanatoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa kama Magadi nchini Kenya na Natron nchini Tanzania, ambako jua hukausha maji na kuacha tabaka la chumvi ya alikali. Magadi yanakata mafuta vizuri sana. Lakini yasiwekwe kwenye sufuria ya alumini, maana alikali huila alumini na kuitia weusi, na hapo utahitaji ndimu kurekebisha ulichoharibu.

Hapa inafaa kusema jambo linalosahaulika. Magadi hutiwa pia kwenye maharage, mahindi na mboga ngumu ili viive upesi, na kuokoa kuni au mkaa si jambo dogo. Tatizo ni kwamba magadi ya maeneo mengi ya kaskazini mwa Tanzania yana floridi nyingi, na maji ya huko nayo mara nyingi yana floridi nyingi. Floridi kidogo huimarisha meno. Ikizidi wakati meno ya mtoto yanajengeka ndani ya ufizi, yanaota na madoa ya kahawia yasiyofutika. Anayetaka maharage laini ayaloweke usiku kucha na kumwaga maji yake. Magadi yabaki kwenye usafi.

Kwa ufupi: ukali wa ndimu na siki ni kwa mawe, kutu na madoa ya madini. Utelezi wa sabuni, majivu na magadi ni kwa mafuta na chakula kilichoganda. Ukikosea upande utasugua bure.

Povu linalodanganya

Dondoo moja imeenea kuliko zote: changanya siki na soda ya kuokea, upate kisafishaji chenye nguvu. Povu linapanda, linafoka, na macho yanaamini. Lakini tulishasema asidi na alikali zikikutana hupozana. Povu ni gesi inayotoroka, na kinachobaki chomboni ni maji yenye chumvi fulani isiyo na nguvu ya kula jiwe wala ya kukata mafuta. Umechukua vitu viwili vizuri ukapata kimoja kisicho na kazi.

Atakayepinga atasema, "Mbona nilimimina kwenye sinki na likazibuka?" Huenda lilizibuka. Msukosuko wa povu unaweza kusogeza uchafu uliolegea, na kwa kawaida mtu humalizia kwa birika zima la maji ya moto, ambayo ndiyo yanayoyeyusha mafuta. Jaribu maji ya moto na sabuni peke yake uone tofauti iko wapi. Ukitaka kutumia vyote viwili, vitumie kwa zamu: soda kwanza kusugua mafuta, suuza, kisha siki kwa gamba lililobaki.

Kuchanganya siki na soda ni hasara ya shilingi chache. Kuna kuchanganya kwingine kunakoua.

Jiki haichanganywi

Jiki, yaani dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, ni kitu cha thamani kubwa nyumbani kwa sababu inaua vijidudu, kazi ambayo siki na ndimu haziiwezi kwa uhakika. Lakini ikikutana na asidi, iwe siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ndiyo iliyofunguliwa na jeshi la Ujerumani tarehe 22 Aprili 1915 karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kiasi kinachotoka kwenye ndoo ni kidogo, lakini choo kidogo kisicho na dirisha kinatosha kumfanya mtu akohoe mpaka apelekwe hospitali, na mwenye pumu yuko hatarini zaidi. Jiki ikikutana na mkojo mwingi au na dawa yenye amonia inatoa gesi nyingine za kuunguza mapafu. Kwa hiyo choo kimwagiwe maji ya kutosha kwanza, dirisha na mlango viwe wazi, na itumike dawa moja tu kwa wakati mmoja.

Jiki inataka pia mpangilio. Klorini hushambulia uchafu wowote inaokutana nao, kwa hiyo ukiimwaga juu ya matapishi au tope nguvu yake inaishia hapo na vijidudu vinabaki. Ondoa uchafu, osha kwa sabuni, ndipo upake jiki na kuiacha dakika 10 kabla ya kuifuta. Kwa sakafu ya nyumba yenye mgonjwa wa kipindupindu, baadhi ya miongozo ya afya hutaka mchanganyiko wenye klorini ya asilimia 0.5. Chupa nyingi za Afrika Mashariki huandikwa asilimia 3.5, na hesabu yake inakuja sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 6 za maji. Soma chupa yako, maana nguvu hutofautiana. Changanya mchanganyiko mpya kila siku, kwa sababu jua na joto huifukuza klorini. Anayemimina jiki kwa kukadiria kwa jicho huenda anachoma mapafu na mikono yake bila sababu, au anapaka maji yenye harufu tu.

Mwili si sufuria

Mpaka hapa tumekuwa tukisafisha vitu visivyo na uhai. Watu wengi huvuka kutoka sakafuni hadi mwilini bila kuona mpaka wowote: kama ndimu inatoa doa kwenye kitambaa, kwa nini isitoe doa usoni? Jibu ni kwamba ngozi ni hai na ina kemia yake. Maji na mafuta ya ganda la ndimu yana kemikali ambayo, ikipigwa na jua juu ya ngozi, huiunguza na kuacha malengelenge, kisha mabaka meusi ya wiki au miezi. Mtu alikuwa akitafuta weupe, akapata kinyume chake. Vivyo hivyo kuosha uke kwa ndimu, siki au sabuni: ndani humo kuna bakteria rafiki wanaouweka katika ukali unaofaa na kuzuia maambukizi, na anayewaua kwa jina la usafi anafungua mlango wa magonjwa. Maji safi, nje tu, yanatosha.

Majivu ni mfano mzito zaidi. Yaleyale yanayosugua chungu vizuri hupakwa bado katika baadhi ya jamii kwenye kitovu cha mtoto mchanga, pengine na udongo au kinyesi cha ng'ombe, ili kikauke. Udongo na kinyesi hubeba mbegu za pepopunda, na kitovu kibichi ni jeraha lililo wazi. Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kiachwe kisafi na kikavu, bila kupakwa chochote ambacho mhudumu wa afya hakukiagiza.

Na tuseme la moto. Mtu akiungua kwa uji au mafuta, watu hukimbilia dawa ya meno, yai bichi, unga wa ngano au mafuta ya kupikia. Vyote hivyo hufunika joto ndani ya ngozi, na hospitali itabidi kuvikwangua juu ya nyama mbichi. Kinachotakiwa ni kutoa joto, na kinachotoa joto ni maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu haifai, maana nayo inaumiza ngozi. Baada ya hapo funika kwa kitambaa safi. Kama ni usoni, mikononi, sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, aende kituo cha afya. Dakika 20 ni ndefu mtoto akilia, na wengi huacha baada ya mbili. Lakini joto huendelea kupenya ndani ya ngozi hata baada ya moto kuondoka.

Sukari, chumvi na maji

Msomaji anaweza kudhani naikataa dawa ya nyumbani. Nataka kuonyesha kinyume, kwa dawa ambayo mtu yeyote mwenye jiko anaweza kuitengeneza, na ambayo imeokoa mamilioni ya watoto.

Mtoto anayeharisha hauawi na kuhara kwenyewe. Anauawa na kupoteza maji na chumvi. Maji matupu hayatoshi, kwa sababu utumbo uliougua hauyafyonzi vizuri. Katika miaka ya 1960 ilithibitika kwamba ukuta wa utumbo una njia inayopitisha chumvi na sukari vikiwa pamoja, na maji huvifuata. Chumvi peke yake haipiti vizuri. Sukari ikizidi inavuta maji kutoka mwilini na kuzidisha kuhara. Vikiwa kwa uwiano, njia inafunguka hata wakati wa kipindupindu.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, wakimbizi walifurika katika mji wa Bangaon upande wa India, na kipindupindu kikawashambulia. Dripu zikapungua. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na sukari kwa kunywa, wakinyweshwa na jamaa zao wenyewe. Vifo, ambavyo vilikuwa karibu 30 kati ya kila wagonjwa 100, vilishuka chini ya 4. Kisha shirika la BRAC, kati ya 1980 na 1990, lilituma wanawake nyumba kwa nyumba nchini Bangladesh kuwafundisha akina mama kutengeneza dawa hiyo kwa chumvi ya kushika kwa vidole vitatu, sukari guru ya kiganja, na nusu lita ya maji. Walifika katika nyumba zaidi ya milioni 12. La kuzingatia ni jinsi walivyolipwa: wakaguzi walirudi baadaye, wakamtaka mama aeleze na atengeneze, na malipo ya mwalimu yakategemea mama amekumbuka kiasi gani. Hawakuridhika kwamba somo limetolewa. Walipima chumvi iliyomo kwenye kikombe.

Ukipata pakiti za dawa hiyo, ziitwazo ORS, katika kituo cha afya au duka la dawa, zitumie, maana zina pia potasiamu ambayo mwili unapoteza. Kama hakuna, kipimo cha nyumbani ni hiki:

- Maji safi yaliyochemshwa na kupozwa: lita 1
- Sukari: vijiko vidogo 6, vilivyosawazishwa
- Chumvi: nusu kijiko kidogo, kilichosawazishwa

Koroga mpaka viyeyuke, kisha onja: isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya, maana chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kikubwa kila baada ya kuharisha, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 na uendelee taratibu. Anyonye kama kawaida, ale kama kawaida, na apewe vidonge vya zinki kituoni. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Kama kuna damu kwenye choo, macho yamezama, hakojoi, hawezi kunywa au amelegea, mpeleke hospitali mara moja, huku ukiendelea kumnywesha njiani.

Dawa hii ni sukari, chumvi na maji. Kilichoitenganisha na maji ya sukari ya kawaida ni kwamba kazi yake inajulikana, kipimo chake kinajulikana, na mwisho wa uwezo wake unajulikana.

"Mbona wazee walitumia na hawakufa?"

Hoja hii ndiyo ngumu kuliko zote, na inastahili jibu la heshima. Wazee walijua mengi. Asali iliyotiwa kwenye maji ya uvuguvugu hutuliza kikohozi cha mtoto, na hata wataalamu wa afya wanaikubali, kwa sharti kwamba mtoto ametimiza mwaka mmoja. Chini ya hapo asali inaweza kubeba mbegu za bakteria zinazolegeza misuli mpaka pumzi ikate. Kujifukiza kwa mvuke wa nyungu hufungua pua, ingawa hakuui virusi, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka imeunguza watoto wengi.

Lakini ushahidi wa "hawakufa" una tundu. Waliokufa hawapo kusimulia, na katika kizazi cha mababu zetu watoto wengi walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Pia magonjwa mengi hupona yenyewe. Mafua huisha ndani ya wiki moja au zaidi kidogo, na chochote ulichokunywa siku ya tano kitapata sifa ya siku ya saba.

Wengine huongeza kwamba dawa za hospitali zenyewe zimetoka kwenye mimea. Ni kweli, na mfano bora ni dawa ya malaria ya artemisinini. Mtafiti Tu Youyou wa China alikuta katika maandishi ya karne ya 4 mmea wa pakanga ukitajwa kwa homa. Timu yake ilikuwa imeujaribu na matokeo yakayumba. Aliporudi kusoma, aliona kwamba maandishi yalisema kuloweka na kukamua, bila kutaja kuchemsha. Mwaka 1971 akatumia joto dogo, na dawa ikafanya kazi. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Hekima ya kale ilikuwa sahihi, na bado ingepotea kama mtu asingejali namna ya kutayarisha. Mtu anayejichemshia chai ya pakanga leo hana njia ya kujua ina dawa kiasi gani, na kiasi pungufu kinawafundisha vimelea vya malaria kuistahimili dawa.

Gharama

Kuna anayesema haya yote ni ya wenye fedha. Naona kinyume. Maskini ndiye anayepoteza zaidi akinunua chupa saba za rangi mbalimbali, kila moja ikidai kazi yake. Nyumba inahitaji sabuni, siki au ndimu, soda ya kuokea, na chupa moja ya jiki. Jua ni bure: maji maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, yakilazwa juani kwa muda wa saa 6, hupungukiwa sana na vijidudu, na siku za mawingu yaachwe siku 2. Katika miaka ya 1990 njia hii ilijaribiwa kwa watoto wa Kimaasai wa Kajiado, Kenya, na waliotumia chupa za juani waliharisha kidogo kuliko wenzao. Maji ya matope yachujwe kwanza kwa kitambaa, maana mwanga hauyapenyi.

Gharama ina sura nyingine, mbaya zaidi: kununua kwa rejareja. Mafuta ya taa na jiki vinapimwa dukani kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa, vinawekwa chini ya meza, na mtoto mwenye kiu anaikuta chupa anayoifahamu. Vihifadhiwe kwenye chombo ambacho hakijawahi kuwa cha kinywaji, kiandikwe, kiwekwe juu kisipofikiwa. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe kwa kidole, maziwa wala maji ya chumvi. Yakiwa tumboni madhara ni madogo kuliko yakirudi na kuingia kwenye mapafu. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa sabuni na maji, mwangalie anavyopumua, na umkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima, kwa sababu kikohozi na homa vinaweza kuja saa kadhaa baadaye. Kwa jiki pia usimtapishe; msukutulishe kinywa na uondoke naye. Nenda na chupa yenyewe, na umweleze mhudumu ni saa ngapi alikunywa na kiasi gani kimepungua.